Nyonga Mbili za Mzee Mmoja: Kuuzuia Mfupa Unaoota Pasipo Pake Baada ya Kubadilishiwa Kiungo

Maneno haya niliyasema Upanga, Dar es Salaam, mbele ya watu waliobadilishiwa nyonga au magoti, wanaosubiri kubadilishiwa, ndugu zao, na baadhi ya wauguzi na wataalamu wenzangu wa mazoezi ya viungo. Wengi walitaka kufika wakakwamishwa na kazi, mvua au foleni, ndiyo maana nimeyaandika yote kama yalivyotoka kinywani. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha, na palipokuwa na haja nimeeleza kwa maneno kilichoonekana.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama na akina baba, wauguzi, wataalamu wenzangu, na ninyi ndugu mliokuja mkiwashika mkono wagonjwa wenu, habari za asubuhi.

Mtanisamehe kwa kuanza na kuhamisha viti. Vile vya safu ya mbele vilikuwa vifupi mno, na nyonga mpya na kiti kifupi haviivi chungu kimoja. Sasa kila mtu amekaa panapomfaa, tunaweza kuzungumza.

Nijitambulishe kwa ukweli kabla sijaenda mbali. Mimi si daktari wa upasuaji na sina kalamu ya kuandika dawa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yule anayeingia wodini asubuhi wakati usingizi umewakolea akasema "haya, tuamke", na majina mnayoniita nikishatoka mlangoni nayajua. Lakini kazi hii ina nafasi ambayo wengine hawana: daktari akishamaliza kazi yake, mimi ndiye ninayeushika mguu wa mgonjwa siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, na kwa hiyo mimi ndiye ninayepaswa kuwa wa kwanza kuhisi pale kiungo kinapoanza kukataa. Nasema ninayepaswa. Kuna mgonjwa mmoja ambaye sikumhisi, na habari yake ndiyo iliyonifanya nisimame hapa leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa mzee mmoja, fundi seremala wa Temeke, aliyekuwa amebadilishiwa nyonga ya kushoto. Upasuaji ulikwenda vizuri na kidonda kilifunga vizuri. Siku ya pili alisimama, siku ya nne akatembea na fremu yake kutoka kitandani hadi mwisho wa wodi na kurudi, nami nikamwambia kwamba kwa mwendo huo hatutaonana muda mrefu. Wiki ya tatu mambo yakageuka. Paja lilikuwa na joto upande wa juu, likavimba kidogo, na nyonga iliyokuwa ikikunja bila ubishi ikaanza kugoma. Hakuwa na homa, kidonda hakikutoa usaha, na kipimo cha mishipa kilionyesha kwamba damu haikuganda mguuni. Basi mimi nikahitimisha nini? Nikahitimisha kwamba mzee amelegea, anaogopa maumivu, na nyumbani analala tu. Nikalishika goti lake kwa mikono miwili nikalisukuma kuelekea kifuani, nikawa nahesabu hadi kumi, naye ameuma pindo la kanga ya mkewe. Akaniambia kwa upole: "Mwanangu, huu mguu hauendi. Si kwamba sitaki."

Nikamjibu: "Jikaze, mzee."

Wiki chache baadaye alikuja na ubao. Alikuwa amepigilia fito mbili kwa msumari mmoja, zikawa zinafunguka na kufunga kama mkasi. Kila Ijumaa baada ya swala alilala chali, akakunja nyonga hadi mwisho wake, mkewe akaegesha ufito mmoja ubavuni na mwingine pajani, kisha mwanya uliopatikana wakauhamishia kwenye ubao kwa penseli ya useremala. Palikuwa na mistari sita. Miwili ya kwanza ilikuwa ikipanda. Minne iliyofuata ilishuka, mmoja chini ya mwenzake, kama ngazi inayoteremka. Akaniwekea kidole pale mstari ulipogeuka, akasema: "Mvivu angebaki palepale. Huu unarudi nyuma. Kuna kitu kinauzuia."

Eksirei ilimpa haki yake. Pembeni ya kile chuma kizuri kilichowekwa na daktari palikuwa na weupe hafifu, kama maji ya chokaa yaliyomwagikia nyama ya paja. Miezi ilivyopita weupe ule ukakaza, ukawa mfupa kamili, mwamba mmoja ukiteremka kutoka kwenye fupanyonga na mwingine ukipanda kutoka kwenye mfupa wa paja, na kati yao haikubaki hata sentimita 1. Kwa wasomi hiyo huitwa daraja la 3. Kwa mzee ilikuwa na maana nyingine kabisa: hawezi kuvaa soksi ya mguu wa kushoto, hawezi kuosha unyayo anapotawadha, akipanda bajaji huingia kiubavu huku mguu ukibaki nje hadi mjukuu auingize, na ile benchi fupi ya useremala aliyoikalia tangu ujana amemwachia mwanafunzi wake.

Ndugu zangu, kitu kile ni nini hasa?

Kitaalamu huitwa osifikesheni ya heterotopia, maana yake nyama laini kugeuka mfupa mahali ambapo mfupa hauna kazi. Katika misuli yetu na utando unaoizunguka zimo seli changa ambazo bado hazijachagua fani. Daktari anapobadilisha nyonga hana budi kukata mfupa, kuchimba, kupanua misuli na kumwaga damu kiasi. Chenga za mfupa na uboho hutapakaa, mwili unaanzisha uvimbe wa kujitibu, zinatoka kemikali ziitwazo prostaglandini pamoja na protini zinazoamuru ujenzi wa mfupa, na zile seli changa zikisikia amri hiyo zinatii, ijapokuwa zipo katikati ya msuli. Si jambo la jana. Mwaka 1918, katika Vita Kuu ya Kwanza, madaktari wa Ufaransa Augusta Dejerine-Klumpke na André Ceillier walieleza habari za askari waliopigwa risasi za uti wa mgongo, miguu imepooza, na mifupa ikawaota kuzunguka viungo vyao. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa Marekani, alichukua mfupa uliotolewa madini, akaupandikiza ndani ya misuli ya wanyama, na msuli ukazaa mfupa mpya. Ndipo ilipoeleweka kwamba ndani ya mfupa wenyewe imo amri ya kujenga mfupa mwingine.

Nawaeleza haya kwa sababu ya maswali ninayoulizwa kila wiki. Hii si saratani. Si kwamba mwili umekataa chuma. Wala si kalsiamu iliyozidi. Mama mmoja wa Magomeni alimkataza mumewe dagaa na maziwa miezi minne mizima akidhani anauua mfupa kwa njaa, kumbe alikuwa anamdhoofisha mumewe. Kuleni dagaa wenu.

Mwaka 1973 Brooker na wenzake waliupanga mfupa huu wa nyonga katika madaraja manne, na mpango wao tunautumia hadi leo. La 1 ni visiwa vidogo vya mfupa ndani ya nyama. La 2 ni miamba inayotoka kwenye fupanyonga au kwenye mfupa wa paja lakini bado imeachana kwa sentimita 1 au zaidi. La 3 ni pale pengo hilo linapopungua chini ya sentimita 1, na la 4 ni pale inapoonekana imegusana, kiungo kikafungwa kama mlango uliopigwa misumari. Walio wengi wanaoonekana na mfupa huu wapo katika madaraja mawili ya mwanzo, wanatembea, wanaswali, wanacheza ngoma za harusi, na bila eksirei wasingejua lolote. Madaraja ya 3 na 4 ni ya wachache. Ila mtu akiwa ndiye miongoni mwa hao wachache, neno wachache halimsaidii kitu. Kwenye goti pia hutokea, lakini ni nadra kumfunga mtu kama nyonga inavyoweza kumfunga.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mkisahau mengine yote ningependa mrudi nalo nyumbani. Mafundi ujenzi wa mji huu wana msemo: zege halilali. Likishachanganywa, lazima limwagwe siku hiyohiyo, mvua inyeshe au jua liwake. Mfupa huu nao haulali. Amri ya kuujenga hutolewa katika saa na siku za mwanzo kabisa baada ya upasuaji, wakati mgonjwa bado anauliza maji ya kunywa na ndugu bado wanatafutana kwenye ngazi za hospitali. Lakini katika eksirei huonekana lini? Kwa kawaida baada ya wiki 3 hadi 6. Na hukomaa lini? Kwa miezi kadhaa, pengine hata mwaka. Mmeona mtego ulipo? Siku tunapouona, siku ya kuuzuia ilikwisha kupita zamani. Dawa ya kinga inayoanzwa wiki ya sita ni sawa na kumwagia maji zege lililokwisha kukauka ukitarajia lirudi kuwa uji.

Ndiyo maana kinga ya mfupa huu huanza kwa mazungumzo, na mazungumzo hayo hufanyika kabla ya upasuaji. Na hapo ndipo kilipo kilio changu. Tuliokuwa tukiwasindikiza wagonjwa kwenda India, leo tunawaona wakibadilishiwa nyonga hapahapa Muhimbili na kurudi nyumbani kwa daladala. Ni hatua kubwa. Lakini siku ya kliniki mazungumzo yetu ni ya gharama, damu ya akiba na bima. Mwenye mgonjwa huuliza itachukua saa ngapi. Nani huuliza: "Je, huyu yumo katika wale wa kuota mfupa?" Nani anauliza?

Wa kuulizia hivyo ni nani hasa? La kwanza na kubwa kuliko yote: aliyewahi kuota mfupa wa namna hii, hasa aliyeota kwenye nyonga ya upande wa pili. Mwili wenye tabia hiyo umeshajitaja. Wanaume hupata zaidi kuliko wanawake. Wanaofuata ni wale ambao kusagika kwa nyonga kwao kumejenga vinundu vingi vya mfupa pembeni ya kiungo, wenye ule ugonjwa unaougandisha uti wa mgongo ukawa mkavu kama mwanzi, walioungua moto vibaya, waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo, na walioumia kichwa.

Kwa hili la kichwa niseme kidogo, kwa sababu mji wetu ni wa bodaboda. Nilimhudumia kijana wa Mbagala aliyevunjika kikombe cha nyonga na kulala bila fahamu majuma kadhaa. Alipozinduka, nyonga zote mbili zilikuwa ngumu, hata ile ambayo haikuvunjika wala kuguswa na kisu. Jeraha la ubongo peke yake linaweza kuamsha mfupa mahali pa mbali. Kijana wa namna hiyo akija miaka mitano baadaye kubadilishiwa nyonga, akaandikisha kwamba aliwahi kuvunjika mguu tu na asiitaje ile koma kwa kuwa anaona kichwa kimeshapona, daktari ananyimwa habari ambayo ingeibadilisha siku yake ya upasuaji. Semeni yote, hata yale mnayoyaona hayahusiani na nyonga.

Je, kwa nini basi tusimpe kinga kila mtu tukalala? Swali hili aliniuliza muuguzi mmoja, na lina akili. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Australia na Nyuzilandi, uliowahusisha wagonjwa 902 waliobadilishiwa nyonga, wengine wakipewa ibuprofeni kwa siku 14 na wengine kidonge kisicho na dawa. Kuota mfupa kulipungua kwa waliopewa ibuprofeni, hilo lilikuwa dhahiri. Lakini miezi ilipopita, maumivu yao na uwezo wao wa kutembea havikuwa bora kuliko vya wenzao, na matukio ya kuvuja damu yaliongezeka kwa upande wao. Kwa maoni yangu somo la utafiti huo ni zuri: dawa inafanya kazi, lakini kumpa kila mtu ni kuwatwisha wengi mzigo wa wachache. Ndiyo maana suala ni nani, na jibu linatoka kinywani mwa mgonjwa na kwenye eksirei zake za zamani. Msiziache nyumbani chini ya godoro.

Dawa zenyewe si za ajabu. Ni zile za kutuliza maumivu na uvimbe zisizo za steroidi, na iliyozoeleka zaidi kwa kazi hii ni indomethasini, kapsuli ya miligramu 25 mara 3 kwa siku, ikianza mara baada ya upasuaji na kuendelea kwa muda atakaoamua daktari, wengine wiki 1 au 2, wengine hadi wiki 6. Inazizuia zile prostaglandini, amri ya ujenzi ikapungua sauti. Ipo pia selekoksibu, ambayo tumbo huivumilia vizuri zaidi. Si dawa za bei ya kutisha. Ugumu wake upo kwingine.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kinondoni alipewa indomethasini, na upasuaji wake uliangukia siku chache kabla ya Ramadhani. Daktari alimwambia asifunge. Alipofika nyumbani, moyo wake haukukubali kula mchana wakati nyumba nzima imefunga, akaamua kufunga kimya kimya bila kumwambia mtu, na vidonge vyote vitatu vya siku akawa anavimeza kwa mkupuo wakati wa futari, juu ya tende moja na kikombe cha uji wa pilipili manga. Siku ya sita tumbo lilimwaka moto. Akaziacha zile kapsuli. Nyonga ilipomuuma kwa kukosa dawa, mwanawe akamnunulia diklofenaki duka la dawa la mtaani, bila kujua kwamba diklofenaki ni ndugu wa damu wa ile iliyomchoma tumbo. Siku mbili baadaye alipata choo cheusi kama lami, ishara kwamba tumbo linavuja damu. Alipona, ahsante Mungu, lakini alilazwa tena, na kinga yake ya mfupa ilikuwa imekatika njiani.

Kosa lilikuwa la nani? Mimi siwezi kumlaumu mwalimu. Aliambiwa asifunge, hakuna aliyemuuliza atafanyaje. Ingetosha mtu mmoja kukaa naye dakika kumi na kusema: mwalimu, dawa hii haitaki tumbo tupu wala haitaki kulimbikizwa, pengine daktari akuandikie na omeprazoli ya kulilinda tumbo, na kama kufunga hakuepukiki kwako basi tumrudie daktari tutafute njia nyingine kabla hujaanza. Wauguzi wenzangu, hizo dakika kumi zipo. Nanyi wagonjwa, mwenye vidonda vya tumbo aseme. Mwenye figo dhaifu aseme. Mwenye kumeza au kuchomwa dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi mnapewa baada ya upasuaji, aulize namna zote mbili zitakavyokaa pamoja mwilini mwake. Mwenye mfupa mwingine uliovunjika ambao bado unaunga, aseme, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuuchelewesha huo nao. Hazijui kutofautisha mfupa tunaoutaka na ule tusioutaka.

Hapa nawakumbuka vijana wetu wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Nchi yetu ni miongoni mwa zile ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa nayo, na kwa baadhi yao damu hushindwa kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kikafa na kuporomoka wakiwa bado na miaka 20 au 30. Hao hubadilishiwa nyonga mapema kuliko wazee wao. Figo zao zinahitaji uangalifu, kwa hiyo dawa hizi si za kuandikwa kwa mazoea, na umri wao haupendi mionzi. Kwao lazima daktari wa mifupa na daktari wa damu wakae meza moja, na mama wa kijana awe na kiti kwenye meza hiyo.

Nimetaja mionzi, na nimeona nyuso zimebadilika. Naam, ipo njia hiyo. Nyonga hupigwa mionzi mara moja tu, dozi ya Grei 7 hadi 8 (Grei ni kipimo cha mionzi), ama ndani ya saa 24 kabla ya upasuaji ama ndani ya saa 72 baada yake, na matokeo yake yanakaribiana na ya dawa. Inawafaa hasa watu wazima walio katika hatari kubwa ambao tumbo au figo zao haziruhusu vidonge. Haiwafai wajawazito, na kwa vijana wanaotarajia kuzaa madaktari huikwepa. Mzee mmoja aliposhauriwa aliitaja hospitali yetu ya saratani, akasema mbele yangu: "Mionzi ni Ocean Road, na Ocean Road ni saratani. Mnanificha nini?" Hakufichwa kitu. Saratani nyingi hutibiwa kwa jumla ya Grei 50 hadi 70 zilizogawanywa kwa majuma. Hii ni sehemu ndogo ya hizo, inamalizika kwa dakika chache mezani, na mtu hasikii chochote. Lakini zile saa 72 hazimsubiri mtu mwenye hofu. Mzee yule alikubali siku ya tano, na siku ya tano ilikuwa imechelewa.

Upande wa daktari wa upasuaji nitapita haraka, maana hapo mimi ni mgeni. Kuishika misuli kwa upole, kuziosha chenga za mfupa kabla ya kufunga, kuondoa nyama iliyokufa, kudhibiti damu isijikusanye: yote hayo yamo katika kinga, na wao wanayajua kuliko mimi.

Upande wetu wa nyumbani siupiti haraka. Tunapenda kuchua. Mtu akitoka hospitali na nyonga nzito, jioni hiyohiyo anatajwa mama fulani wa mtaa wa nyuma mwenye mikono mizuri, yanaletwa mafuta ya nazi na maji ya moto, na nyama iliyokatwa juzi inakandwa na kuvutwa kwa nia njema kabisa. Nyama ile imejeruhiwa. Ukiivuta kwa nguvu unaijeruhi upya, na jeraha jipya ni mwaliko mpya kwa zile seli zenye kutii amri. Wala msidhani nawasema akina mama wa mtaani tu. Niliyemwambia mzee wa Temeke ajikaze alikuwa na cheti ukutani. Siwezi kusema kwamba mikono yangu ndiyo iliyoujenga mfupa wake, kwa sababu ulikuwa umeshaanza. Ila naweza kusema kwamba haikumsaidia, na ilimuumiza.

Tangu siku ile natumia nguvu ya mgonjwa mwenyewe. Anainua, anakunja, anatembea, kila siku, hadi pale mwili unapokubali, kisha anarudia kesho yake. Kulala tu kitandani kwa kuogopa mfupa nako ni kosa. Kiungo kisichotembea hukakamaa hata bila mfupa wa ziada. Na nyonga inayorudi nyuma siiiti uvivu tena. Joto, uvimbe, maumivu yanayoongezeka na mkunjo unaopungua kati ya wiki ya 3 na ya 12 ni sababu ya kurudi hospitali, kwanza ili kuhakikisha kwamba si usaha wala damu iliyoganda, maana hivyo viwili vinaua na dalili zake zinafanana na hizi, na pili ili picha ipigwe.

Nyonga ya kulia ya mzee wetu ilichakaa miaka miwili baada ya ile ya kushoto. Kuhusu kushoto aliambiwa kwamba mfupa uliokomaa unaweza kuondolewa, lakini kwa upasuaji mwingine mkubwa wenye kumwaga damu, na baada yake angehitaji kinga ileile ambayo hakuipata mwanzo. Akasema kwa umri wake ataishi nao. Siku ya kliniki ya nyonga ya kulia hakusubiri kuulizwa. Aliweka ule ubao juu ya meza ya daktari, akaonyesha pale mistari ilipogeuka, akasema: "Daktari, huku kushoto niliota mfupa. Huku kulia sitaki." Daktari aliangalia eksirei ya zamani, akapima figo, akauliza habari za tumbo, akamwandikia indomethasini pamoja na dawa ya kulinda tumbo. Mkewe akazipanga kapsuli kwenye vifuniko vitatu vya chupa kila asubuhi, cha chai, cha chakula cha mchana na cha usiku. Mimi safari hii sikusukuma kitu. Nilikaa pembeni nikamtazama akikunja mwenyewe, na kila Ijumaa zile fito mbili zilifanya kazi yake upande wa nyuma wa ubao.

Mtu mmoja si utafiti, nami sitawauzia hadithi yake kama utafiti. Pengine kulia kusingeota hata bila dawa. Lakini yumo katika mwili mmoja mtu mwenye nyonga aliyoiulizia na nyonga ambayo hakuna aliyeiulizia, na anajua ni mguu upi anaouvalisha soksi mwenyewe.

Wengi mmekuwa mkimtazama mzee wa safu ya tatu mwenye kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Ndiye. Amekubali nisimulie habari zake kwa sharti moja, kwamba ubao autoe yeye mwenyewe, kwa kuwa anasema mimi kila nikiushika naugeuza juu chini. Mzee, karibu mbele. Tafadhalini mpisheni upande wa kushoto, mguu ule unahitaji nafasi. Usiharakishwe na mtu, mzee wangu, tunakusubiri.